Ndege wa manjano kwa minazi ni nani?

BintiKisauni: Jamani nisaidieni, kuna ndege wako kwa mnazi nyuma ya nyumba, ukubwa wa shomoro, manjano kali kichwa chaenda rangi ya chungwa, makelele tangu alfajiri! Halafu kuna kengine kadogo zaidi, mgongo kijani wang'aa, tumbo manjano, kazi kuzunguka maua tu.

MzeeWaMinazi: Huyo wa kwanza mwangalie uso. Akiwa na uso mweusi na jicho jekundu ni mnana yule wa kawaida. Kama uso hauna weusi na jicho ni jeusi, basi ni mnana wa minazi, huyo ni wa pwani hasa, Somalia, Kenya mpaka Tanzania. Wale waliopauka ni majike.

Kassim_Likoni: Hako kadogo ni chozi. Koo ni kijani ama manjano? Kijani dume, manjano jike.

BintiKisauni: Koo kijani!

Kassim_Likoni: Dume basi. Mi huanza na mdomo kabla ya rangi maana jua hudanganya, mnene mfupi ni wa mbegu, mwembamba uliopinda ni wa maua. Na wafukuze kunguru, hao wa kutoka Bara Hindi wanamaliza mayai na makinda ya wenzao.