Tamthilia za nje: ziingizwe sauti za Kiswahili au zibaki na maandishi?

Binti wa Mpwapwa
Mbukwenyi. Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani nikimuuguza mama, na kila jioni tuliangalia ile tamthilia ya Kituruki ya Sultani Suleiman iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Macho ya mama hayasomi tena, lakini alizijua fitina zote za lile jumba, na yeye ndiye aliyenieleza nani amemchongea nani. Niliporudi mjini nikaangalia tamthilia ya Kikorea yenye maandishi chini, nikaona kwamba hapo mama asingeambulia kitu. Naomba maoni yenu: ziingizwe sauti zetu, au ziachwe na sauti zake?

Mkazi wa Kisasa, Dodoma
Ziachwe. Mwigizaji huigiza kwa koo kama anavyoigiza kwa uso, na ukimnyang'anya sauti umembakizia nusu ya kazi yake. Nimewahi kusikia sauti moja ikimsemea waziri, kisha mtumwa, katika sehemu ile ile. Nashukuru tu kwamba waingiza sauti huzungumza Kiswahili cha pwani, kwa sababu sultani akisikika na lafudhi ya Kigogo hakuna atakayemwogopa.

Mwalimu, Kongwa
Ndugu yangu wa Kisasa, hayo ya koo la mwigizaji tungeweza kuyazungumza kwa utulivu, lakini hayo ya mwisho siwezi kuyapita. Umejenga katika ardhi ya Wagogo, kisha unasema sauti yao haiwezi kubeba heshima. Marehemu Hukwe Zawose aliimba Kigogo mbele ya watu wa Ulaya ambao hawakuelewa hata neno moja, na walimsikiliza kwa adabu. Katika filamu zetu za nyumbani nilizoziona, Mgogo akitokea ni ombaomba au mlinzi wa geti, naye huwekwa pale ili lafudhi yake ichekwe. Wanafunzi wangu wanasimama kusoma darasani huku wakiificha lafudhi ya wazazi wao. Hilo linaniuma kuliko Mturuki yeyote kupoteza sauti yake.

Mkazi wa Kisasa
Mwalimu, sikumtukana mtu. Mke wangu ni wa Bahi na watoto wangu wana bibi Mgogo. Nilizungumzia mazoea ya masikio. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na uamuzi huo ulifanywa wakati wa Mwingereza, kabla yangu na kabla yako.

Fundi wa visimbuzi, Nkuhungu
Kaka, Kiunguja kiliwekwa kuwa msingi wa maandishi na sarufi. Hakuna aliyeamuriwa kubadilisha lafudhi yake. Wengi tunaowasikia katika tamthilia hizi wanazungumza kama watu wa Dar es Salaam, na hao si Waunguja. Tena mfano wako wa jumba la Suleiman unakugeuka mwenyewe. Hürrem, mke wa Suleiman, alikuwa mateka kutoka eneo ambalo leo ni Ukraine, na Kituruki alijifunza baada ya kutekwa, kwa hiyo mwanamke aliyekuwa na nguvu kuliko wote katika jumba lile bila shaka alizungumza kwa lafudhi ya mgeni.

Mzee wa Majengo
Wanangu, mnasahau tulikotoka. Sisi tulizoea kanda za filamu zilizosemewa na Lufufu katika vibanda umiza, vile vibanda vya video, mtu mmoja akiwasemea wote, wanawake na majambazi, na katikati anasimama kukufafanulia kisa. Hakuna aliyeuliza lafudhi. Baadaye, nadhani ni 2013, ndipo TBC wakaleta ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa na waigizaji wanaosemewa kila mmoja kwa sauti yake.

Mwalimu, Kongwa
Shikamoo mzee. Ile ilioneshwa 2011. Mwaka 2013 ni pale Rais Xi Jinping alipoitaja katika hotuba yake Dar es Salaam. Ila kusema hakuna aliyeuliza lafudhi si kweli, mzee wangu. Waliochekwa waliuliza, lakini kimoyomoyo.

Mzee wa Majengo
Marahaba, mwanangu. Mwaka naukubali. Hilo la kimoyomoyo usinibebeshe mimi, kwani katika kibanda nilichokuwa nakwenda tulikaa benchi moja, Wagogo, Warangi na Wanyaturu, na kilichotuchekesha kilituchekesha wote.

Mkazi wa Kisasa
Naliondoa neno langu kuhusu sultani na lafudhi, kwa sababu mke wangu amelisoma na hajafurahi, na nikilitazama upya naona kwamba halikuwa na haki. Kuhusu sauti sibadiliki. Filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji niliipenda kwa sababu Kiswahili cha Unguja kilisikika kutoka vinywani mwa wahusika wenyewe, na Mturuki naye anastahili heshima hiyo hiyo. Wekeni maandishi mazuri, makubwa, yasiyopita haraka.

Binti wa Mpwapwa
Nimefurahi kwamba umeliondoa. Lakini hayo maandishi makubwa, kaka, mama atasomewa na nani mimi nikiwa kazini?