Mrejesho: fimbo ya mkongojo wa baba

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa nne niliwauliza kama naweza kukata fito za heizeli (hazel, mti mdogo wa huku) za kutengenezea mkongojo wa baba, huku mashambani Uingereza, kwa kuwa mvua ziligoma na msitu ulikuwa mkavu. Mlioniambia nisubiri msimu wa baridi mlikuwa sahihi kabisa. Ardhi kavu si kitu, ndani ya miti utomvu ulishapanda. Fito zote tatu gome liliachia kama ganda la ndizi, na moja ikapasuka kichwani urefu wa kidole.

Januari nimekata nyingine, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Zimenyooka! Nimepaka nta ncha zote mbili, nimezifunga pamoja na kuzilaza bandani. Fito ya unene wa inchi moja hudai karibu mwaka mzima kukauka. Baba kila nikimpigia anauliza, "Fimbo yangu vipi?" Asanteni sana.