Naomba ushauri: picha na video za familia zimejaza laptop

Habari zenu wakuu. Laptop ya nyumbani ina diski ya GB 500, zimebaki GB 11 tu. Kilichojaa ni picha za watoto, video ya harusi na kaseti za marehemu baba nilizozigeuza kuwa MP3. Hizo zikipotea, basi tena. Nina eksteno (diski ya nje ya kuchomeka kwenye laptop) ya TB 1, ila ilishaanguka na sasa inalia tiktik, siiamini hata kidogo. Kupandisha vyote mtandaoni kwa bando hizi ni kujifilisi. Nawaza kununua eksteno mbili, moja ikae kwa dada, mwizi akiingia kwangu asizoe zote. Nichukue HDD (diski ya sahani zinazozunguka) au SSD (ya chipu, isiyo na kitu kinachozunguka)? Na ipo programu ya bure inayonakili mafaili mapya tu?