Uzi wa jinzi zamani ulitiwaje rangi na mashine?

Wakuu, hivi viwanda vya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1900 vilitiaje uzi rangi ya bluu? Walichovya kwa mikono kama bibi zetu na ukili au?

— Hapana mkuu, mamia ya nyuzi za mtande (zile za urefu wa kitambaa) zinakusanywa kama kamba moja, rola zinaivuta hadi kwenye tangi la nili (ndo rangi ya bluu yenyewe), inakamuliwa, inapandishwa juu ipigwe na hewa, maana ikitoka ni kijani-njano ndo inageuka bluu, halafu inarudishwa tena na tena

— Ndo maana jinzi inapauka, rangi haifiki katikati ya uzi. Nili ya kutengenezwa kiwandani, BASF (kampuni ya kemikali ya Ujerumani) waliianza kuuza 1897.

— Duh, na mie nlikuwa nagombana na muuza mtumba!