Kamera ya harusi za usiku: Canon, Nikon au Sony?

mwana_shangani: Habari wakuu. Nipo Mtwara, nataka kamera ya kupigia harusi usiku na kuzunguka nayo Mikindani mchana. Yenye sensa kubwa (fulufremu) au ndogo (APS-C)? Bajeti ni ya mtumba.

fundi_lenzi: Mkuu, anza na lenzi, bodi (kamera yenyewe) baadaye. Sensa, kile kipande kinachonasa picha, kwenye fulufremu ni milimita 36 kwa 24. APS-C ya Nikon na Sony ni kama 23.5 kwa 15.6, ya Canon ndogo kidogo. Kwa hiyo lenzi ya milimita 50 kwenye APS-C ya Canon inabana picha kama ya 80 kwenye fulufremu, ukumbini utarudi nyuma mpaka ugonge ukuta. Tafuta 35 ya f/1.8 au f/2; namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa na mwanga unaingia mwingi. Ile lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera kwenye boksi ukiivuta mwisho inaishia f/5.6, ISO (kiwango cha kuongeza mwangaza wa picha) inapanda, picha inajaa chenga.

binti_wa_lindi: Angalizo: Nikon za bei nafuu kama D3500 hazina mota ya fokasi kwenye bodi. Ukiuziwa 50mm f/1.8D utazungusha kwa mkono. Chukua AF-S, yenye mota ndani ya lenzi.

mwana_shangani: Na lenzi za mtumba nazikaguaje?

fundi_lenzi: Fungua tundu lote, mulika tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu; rudisha. Unyevu wa pwani yetu unaikuza. Hifadhi kwenye kontena la plastiki linalobana, tia silika jeli.

binti_wa_lindi: Begi la ngozi achana nalo, linakaa na unyevu. Na Msangamkuu usibadilishe lenzi ufukweni, mchanga ukiingia kwenye sensa utaona madoa kila picha ya anga.