Hadithi ya bibi uliyoicheka utotoni, ukubwani ikakutisha: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada (Tanga)
Wakuu, jana mvua inanyesha, chai ya tangawizi mkononi, namsimulia binti yangu ile ya zimwi na ngoma. Msichana kasahau kombe lake la baharini pwani, karudi peke yake, anaimba kujipa moyo. Zimwi likamkamata, likamtia ngomani. Likawa linapita vijijini: likipiga, mtoto anaimba, watu wanacheza na kulilipa wali na kuku.

Kwa bibi, wimbo ule ndio tuliokuwa tukiungoja, makofi mpaka viganja vinauma. Jana nikafika hapo, binti akauliza, "Baba, mbona hawakumfungua?" Nikarukia haraka pale wazazi wanapoitambua sauti, zimwi linaleweshwa, ngoma inajazwa nyuki na nyoka.

Nyie ipi?

Wa Unguja
Nunda mla watu. Paka wa Sultani Majnuni anakula kuku, watu wanashtaki, sultani anajibu: paka wangu, na kuku wangu. Anakula mbuzi, ng'ombe, mwisho watu, jibu lilelile. Tulikuwa tunaliitikia kwa pamoja tukivunjika mbavu. Ya zamani hiyo, mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapa mwaka 1870 katika hadithi alizokusanya Unguja.

Nimeielewa kazini. Mpwa wa bosi alikuwa anachota fedha za ofisi, kila tukisema tunaambiwa ni mambo ya kifamilia. Siku moja mzee wa stoo akanong'ona, "Paka wangu, na kuku wangu." Hakucheka mtu. Na kumbukeni, sultani aliamini paka alipokwisha kula wanawe mwenyewe.

Wa Mombasa
Kwetu hadithi mchana mwiko, utaota pembe 😂

Hiyo ya ngoma bibi alituachia sisi tumpe msichana jina, kila usiku jipya. Siku moja nikataja jina nililoliona kwenye daftari kuukuu sandukuni mwake. Akanyamaza. Akachochea moto, kisha akasema, "Huyo hatumtii ngomani. Taja mwingine." Tukaendelea, tukaimba kama kawaida.

Bibi alipokwisha kufa ndipo mama akaniambia: lilikuwa la bintiye wa kwanza, alitumwa kisimani, hakurudi.

Mwanzisha mada
Dada, pole. Nimesoma hii binti kanikalia pajani, anataka leo msichana aitwe jina lake. Nimemwambia anywe chai kwanza.