Mwenye bunduki ya leseni akitishia watu: familia ishike mlango gani?

mkaziwapongwe: Habari za jioni ndugu zangu. Tuseme mzee ana shamba Maramba, ana shotigani ya leseni, aliiombea nguruwe pori. Siku hizi anasema mbele za watu kwamba atamtandika jirani yake risasi. Kosa hajafanya. Nasikia Marekani jaji anaweza kuamuru mtu kama huyo anyang'anywe bunduki mapema. Huku Tanzania je? Na akisema "najilinda", kujilinda kunaishia wapi?

nahodha_raskazone: Za Marekani huitwa sheria za bendera nyekundu. Connecticut ilitangulia mwaka 1999, Florida ikapitisha yake 2018 baada ya mauaji ya shuleni Parkland. Ni shauri la madai, si la jinai. Jaji anaweza kutoa amri ya muda bila mwenye bunduki kuwepo, lakini lazima aitwe asikilizwe. Florida ni ndani ya siku 14. Hapo ushahidi unatakiwa uwe wazi na mzito, na amri haizidi miezi 12 mpaka iombwe upya. Florida mwombaji ni polisi peke yao, California hata ndugu wa nyumbani.

Mipaka ipo. Mwaka 2021, katika shauri la Caniglia, polisi waliingia nyumbani bila hati wakachukua bunduki za mtu waliyehofia atajiua. Majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu walikataa hoja kwamba kazi ya polisi ya kusaidia jamii inawaruhusu kuingia hivyo. Mwaka 2024, shauri la Rahimi, majaji 8 kwa 1 walikubali kwamba aliyeonekana na mahakama kuwa hatari kwa mwenzake anaweza kuzuiwa silaha kwa muda. Ila lile lilihusu amri za ukatili wa nyumbani, watu wasilivute zaidi ya hapo.

mzalendo_chumbageni: Huku amri ya jina hilo hatuna. Lakini kule silaha ni haki ya kikatiba, kwetu ni kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kibali hufutwa.

Halafu, kaka, usiseme hajafanya kosa. Kutishia kumpiga mtu risasi ili kumtia hofu ni kosa tayari, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89 kwa namba zilizozoeleka. Andikeni tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa na majina ya waliosikia. Ukienda na "mzee ana hasira sana", polisi hana cha kuandika. Mpeni taarifa mtendaji wa kijiji, kisha kituoni mkachukue RB, namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi. Peke yake haitoshi: RB inafuatilia tishio. Andikeni na barua kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kuhusu leseni, mkiomba silaha ishikiliwe na umiliki upitiwe upya. Wengi huisahau hii, kesi inasuasua na bunduki bado iko uvunguni. Hakimu naye anaweza kumtaka mzee aweke dhamana ya kutunza amani.

Nawasihi sana, msiifiche bunduki wenyewe. Leseni ni ya mzee. Kijana akiipakia kwenye bodaboda aipeleke Muheza, atakayekamatwa na silaha isiyo yake ni yeye. Akiwa ameishika mkononi na kutishia, ondokeni hapo, pigeni 112.

bi_ngamiani: Kuhusu kujilinda, soma Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na vile vya 18A hadi 18C. Nguvu iwe ya kiasi, na iwe ya lazima kwa wakati ule. Aliyevamia usiku na panga, hofu ya kufa ipo. Aliyeiba nazi na sasa anakimbia amekupa mgongo, hofu hiyo haipo tena. Ukimpiga risasi akafa, unaweza kutiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Jirani mliyegombana naye mpaka wa shamba yuko mbali zaidi na kinga hiyo. Na maneno ya mzee ya wiki iliyopita yatasomwa mahakamani kama nia.

mkaziwapongwe: Shukrani. Barua ya OCD ipite kwa mtendaji?

mzalendo_chumbageni: Ipelekeni kwa mkono, ofisi ya OCD wa Mkinga, nakala mbili. Ya kwenu igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Mtendaji mpeni nakala yake.